Kahawa Iliyongoja Kurasa Nne

Ipo asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka huvuta kilemba nikajifunika uso, ijapokuwa nimekaa peke yangu chumbani. Ndiyo asubuhi niliyokwenda kuomba kura.

Wakati ule nilikuwa na duka la pampu za maji na mipira ya kumwagilia hapa Ibra, Omani, na duka limeshika vizuri. Nilizaliwa Unguja, nikarudi huku kwa babu zetu ningali kijana, na Kiarabu changu kilikuwa bado kinachekwa sokoni. Mtu akitaka kunikomoa aliniita Zinjibari, basi, hana haja ya kuongeza. Niliposikia wilaya yetu inatafuta mjumbe wa kwenda Baraza huko Maskati, nikajiambia nikishinda hapana tena atakayeniita mgeni. Siku zile si kila mtu aliyepiga kura. Walipiga watu wachache wenye kauli, na watano kati yao walikaa kijiji kimoja ng'ambo ya wadi, lile bonde kavu linalogeuka mto mvua ikinyesha. Hao watano ndio niliowataka.

Nikaandika hotuba ya kurasa nne kwa Kiarabu fasaha, nikaihifadhi wiki tatu nikizunguka uani.

"Bwana, hata kuku sasa wanaijua," mke wangu Bi Zuwena aliniambia. "Lakini umewauliza hao watu wanataka nini?"

Nikamwambia mambo ya siasa hayajui. Hilo nalo lilikuwa kosa, ila tulikwishalimaliza nyumbani.

Nikaenda na binamu yangu Khalfani, aliyezaliwa huku huku na kuzijua desturi. Tukapokewa katika sabla, chumba cha wageni cha kijiji kizima, wazee kama kumi na wawili wameegemea kuta. Tukapeana nao mikono mmoja mmoja, kuanzia kulia. Sinia la tende likawekwa katikati, na mtu wa kahawa akasimama na dele lake mkononi. Mwenye sabla, Sheikh Hamdani, mzee mwembamba mwenye ndevu nyeupe, akaniuliza kwa Kiarabu kama anavyoulizwa kila mgeni: "Habari?"

Sasa hapo nisikilize vizuri. Jawabu ni moja tu: hapana habari, salama. Hata kama umekuja kusema nyumba ya mtu inaungua, kwanza ni salama. Na katika sabla ile kahawa haimiminwi mpaka habari ziishe. Mazungumzo ya kweli huanza baada ya vikombe. Mie, mtoto wa Unguja, niliyezoea kahawa ya barazani kila mtu akisema lake, nikadhani nimeulizwa.

Nikatoa kurasa nne mfukoni.

Nikaanza na barabara, nikaingia kwenye maji. Ukurasa wa tatu, sijui shetani gani alinipitia, nikajikuta nimo ndani ya pampu zangu, zile za dizeli, na dhamana yake ya mwaka mzima. Khalfani akanifinya paja. Nikadhani ananipongeza, nikapaza sauti. Mtu wa kahawa akabadilisha mguu, kisha akabadilisha mkono. Nzi wakazianza tende kabla ya wageni. Mzee mmoja pembeni akawa anakoroma.

Nilipomaliza koo limenikauka. Nikamwinamia Khalfani, nikanong'ona kwa Kiswahili, lugha yetu ya siri: "Mzee huyu bahili kweli, yakhe. Saa nzima, hata kikombe cha kahawa?"

Sheikh Hamdani akanijibu kwa Kiswahili kilichonyooka: "Kahawa ipo, mwanangu. Inakungoja umalize kuuza pampu."

Kumbe alikaa Mwanza miaka ishirini akiuza vitambaa! Kisha akayageuza maneno yote kwa Kiarabu, ili na wenzake wasikose. Hata aliyekuwa akikoroma aliamka kucheka.

Alitusindikiza mpaka kwenye gari, na hapo hakucheka tena. "Wazee hawa walikuwa na jambo moja tu la kukwambia," alisema. "Wadi ikishuka, watoto wetu hawafiki skuli. Mwezi uliopita mwanamke kazalia garini akingoja maji yapungue. Wamekaa na neno hilo asubuhi nzima. Umewapa nafasi gani?"

Kura zote tano zilikwenda kwa mtu mwingine. Yule mzee aliyekoroma alikuja dukani wiki ile ile kununua pampu.

Uchaguzi uliofuata nikarudi, mfukoni sina kitu ila leso. Nikaulizwa habari. "Salama," nikasema, nikanyamaza. Nikanywa vikombe vitatu, nikakitikisa kikombe kuonyesha nimetosheka, nikaendelea kunyamaza. Kimya kile kilinitoa jasho kuliko hotuba. Khalfani akanifinya, safari hii kunizuia nisiseme. Mwisho mzee mmoja akakohoa, akaanza habari ya wadi, mwengine akadakia, na mpaka adhuhuri nilikuwa nimeambiwa hata jina la mtoto aliyezaliwa garini.

Nilishinda. Barua nilizoandika juu ya wadi ile nimezisahau idadi, na daraja likajengwa mwishowe. Siku ya kulifungua niliombwa niseme machache. Naungama, nilikuwa na kurasa mbili. Mkono umeshafika mfukoni, nikamwona Sheikh Hamdani kwenye mkeka wa mbele, ameinua nyusi moja.

"Habari?" akaniuliza.

"Salama," nikajibu. "Kahawa iko wapi?"

Basi, mwanangu, ukipata cheo, au duka, au vyote viwili, ingia kwa watu mikono mitupu. Kunywa chao kwanza, na usiwe wa mwanzo kusema shida ni nini, maana wao ndio wanaokaa nayo. Mwenyezi Mungu akufungulie masikio kabla ya kinywa, akupe watu wa kukufinya kwa wakati, na kahawa yako isipoe mikononi mwa mtu kwa sababu ya maneno yako. Amin.