Sponji Anasubiri Nta

Wiki zile ukimtaka Sponji, hukuwa na sababu ya kuchungulia kwenye cherehani. Ungezunguka nyuma ya karakana yake ya makochi, ukamkuta amechuchumaa nyuma ya farasi, shingo kaipinda upande, anatazama chini ya mkia kama mtu anayesoma tangazo la kazi. Wateja walikuja kuulizia makochi yao wakaondoka kimya. Kuna maswali huwezi kumuuliza mwenzio akiwa katika mkao ule.

Farasi mwenyewe si wa kupandwa na majenerali. Ni wa ile jamii ya vibeti. Mgongo wake unamfika Sponji kiunoni. Bustani ya michezo ya watoto ilipofungwa, mwenye bustani alimwambia fundi wake wa viti achague kitu cha ukumbusho. Mtu mwenye akili timamu angechukua jenereta. Sponji akarudi nyumbani na farasi jike, tena mwenye mimba, na mkewe akanuna mpaka jirani wakahisi baridi. Wakamwita Mheshimiwa: tumbo mbele, anakula kabla ya wote, anapigwa picha na watoto kwenye sherehe, na hajawahi kujibu swali hata moja.

Mimba ile ya kwanza ndiyo iliyomharibu Sponji. Hakuna aliyejua kuwa siku imewadia. Nyumba nzima ilikwenda kwenye harusi, ikarudi kesho yake na kukuta kitoto kimelala zizini nyuma ya marobota ya nyasi kavu, kimetimia kila kitu, kwato hadi kope, kimefunikwa na utando wake kama kochi jipya lisilotolewa nailoni. Mama yake alikuwa amechoka, hakuna mtu wa kuupasua, kikakosa hewa. Bado kilikuwa na joto. Sponji alikizika mwenyewe, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kuacha sentensi katikati ili akachungulie zizini.

Sasa Mheshimiwa alikuwa na mimba ya pili, na safari hii Sponji aliapa kuwepo. Daktari wa mifugo, mama mmoja mkavu anayeishi mbali, alimpa somo lote.

"Hawa wadogo, kichwa cha mtoto ni kikubwa na njia ni nyembamba," alisema. "Lazima mtu awepo, la sivyo yatakuwa yaleyale. Tumbo litashuka. Kiwele kitajaa. Misuli ya pembeni mwa mkia italegea. Mwishoni utaona matone yameganda kwenye chuchu, kama nta ya mshumaa. Ukiona nta, usiende popote. Lakini nakuonya, hawa ni waongo. Mwingine anaruka dalili zote na kuzaa."

Sponji alishika nta. Hilo la uongo lilipita sikio moja likatokea la pili; binadamu husikia anachokitaka, ndiyo maana manabii hawakosi kazi.

Basi tumbo likashuka kweli, likaning'inia kama bembea. Misuli ya mkia aliipima kwa kidole gumba, kama anavyopima bidhaa dukani.

"Juzi lilikuwa godoro jipya," alimwambia mkewe. "Leo godoro la gesti."

"Mimba zangu zote hukuwahi kunibonyeza."

"Wewe ulikuwa unasema mwenyewe."

"Nilisema. Hukuamka."

Lakini nta haikuonekana. Kila asubuhi alipoinama, chuchu zilikuwa safi, zinang'aa kama vijiko vya hotelini.

Na kweli zilikuwa zimesafishwa na mtu wa hoteli. Mama mkwe wake alikuwa pale akiuguza goti, na maisha yake yote alifanya usafi wa vyumba vya wageni. Huyo hapiti karibu na doa akaliacha lipumue. Alfajiri, Sponji akiwa bado anakoroma, alichechemea na beseni la maji ya uvuguvugu akamwosha Mheshimiwa kuanzia masikioni. Sponji alijua anaoshwa, na alishukuru. Asichojua ni kwamba mama hakuishia mgongoni. Chini ya tumbo aliona uchafu wa manjano unaonata, akaufuta. Uliogoma, akaubandua kwa ukucha.

Hakusema, kwa sababu mwanamke mwenye heshima zake hazungumzi na mume wa bintiye habari za chuchu, hata za mnyama. Sponji naye hakumuuliza, kwa sababu hiyohiyo. Walisalimiana kila mmoja akiangalia sakafu. Heshima ilijaa nyumba ile mpaka habari zikakosa pa kupita.

Siku zikasonga, Sponji akaanza kukonda. Alikuwa na wazo asilomwambia hata mkewe: kwamba kitoto kimefia tumboni, na nta haiji kwa sababu hakuna wa kunyonya. Alipolala aliliona lile kaburi dogo likiwa na mwenzake. Ukumbi mmoja ng'ambo ya mji ulikuwa unadai viti vyake, na asubuhi moja akaamua kwenda. Afadhali kubeba viti kuliko kukaa kutazama jeneza linalotafuna nyasi.

Mkewe alikuwa kazini. Mama mkwe alikuwa uani anakamua kitambaa.

"Mama, napeleka viti. Nitarudi jioni."

"Haya, baba. Na mgonjwa wako?"

"Hana dalili, mama. Nadhani kimeshakufa."

Kitambaa kikatulia mikononi mwa mama. "Dalili gani hizo, baba?"

"Mambo ya huko."

"Huko wapi?"

"Mama. Huko."

Mmoja akakagua mawingu, mwingine akakagua beseni. Kisha mama mkwe akageuka, akauambia mlango, kwa sababu mlango si mkwe: "Chuchu zake zinatoa maziwa. Tangu alfajiri nafuta, yanatoka tena. Na jana kulikuwa na kitu kama nta, na juzi pia. Nilikitoa. Nilijua ni uchafu."

Sponji akakaa juu ya viti vya watu. Halafu akakimbia.

Mheshimiwa alikuwa amelala ubavu, jasho shingoni, chupa imeshapasuka. Chini ya mkia umejitokeza utando mweupe, na ndani yake kitu cheusi. Sponji alimpigia daktari, akaiweka simu kwenye spika juu ya robota.

"Ninakuja, lakini niko mbali," sauti ikasema. "Unaona nini?"

"Ukwato mmoja na pua."

"Zinatakiwa mbili. Mguu mwingine umekunjwa. Paka mkono mafuta. Asipokuwa anasukuma, rudisha kitoto nyuma kidogo, tafuta goti, lifuate mpaka kwenye ukwato, uufunike kwa kiganja usimchane mama yake, kisha uulete."

Sponji akapandisha mkono wa shati. "Mama, naomba uangalie pembeni."

"Nikiangalia pembeni, nani atashika mkia?"

Akaushika. Sponji akaingiza mkono, na Mheshimiwa akasukuma, vidole vikabanwa mpaka akang'ata meno.

"Umeingia ukeni?" simu ikauliza kwa sauti ya mnada.

"Nimeingia," Sponji akajibu mbele ya mama mkwe wake, na mbingu haikuanguka.

Alipapasa. Akapata goti, likateleza. Akalipata tena. Alikuwa akinong'ona maneno asiyoyajua, nusu dua nusu matusi. Ukwato ukajaa kiganjani, mdogo kama kifuniko cha chupa, akauvuta. Mheshimiwa akasukuma mara ya mwisho na kitoto kikamwagika mapajani mwake, ndani ya nailoni yake.

Akaichana kwa kucha. Kitoto kililegea kama kitambaa. Mama mkwe akakisafisha pua, Sponji akakisugua mbavu kwa gunia, akasugua, akachomeka ncha ya nyasi puani kama alivyoelekezwa, akasugua tena. Hakuna kitu. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Kitoto kikapiga chafya.

Sponji hakuacha kusugua. "Baba, kinapumua," mama mkwe akasema. "Utakichuna." Ikabidi amshike mikono.

Kisha mama akauliza taratibu, "Yale niliyokuwa nafuta ndiyo chakula chake?"

Simu ndiyo iliyojibu. "Maziwa ya kwanza ndiyo kinga yake. Bila hayo hatafika mbali. Kamueni mwone kama yamebaki."

Sponji alimtazama mama mkwe usoni, labda kwa mara ya kwanza tangu aoe. Uso ule ulikuwa umekwisha. Alitaka kumwambia yamebaki, lakini hakujua, na uongo haukumtoka.

Mheshimiwa alikuwa ameshasimama; mama akapiga magoti, goti bovu na zima, akaingia chini ya tumbo. Akakamua. Tone jembamba. Akahamia upande wa pili, akakamua tena, na safari hii likatoka zito, la manjano, likamnata vidoleni. Kitoto kilikuwa kimejiinua kwa miguu iliyokataa kusikilizana, kinanyonya hewa, kinanyonya robota, kinanyonya mfuko wa suruali ya Sponji.

"Sogeza kichwa chake huku, baba," akasema. "Kushoto. Chuchu hii ndiyo yenye kitu."