Zawadi wa Tele Rangi

Sisi tuliokulia Nyalukemba, mtaa wa Bukavu, wakati simu ilikuwa kitu cha mezani, tena mezani kwa watu wengine, hatukuhitaji saa ya ukutani kujua kwamba imefika saa kumi na moja jioni. Barabara ilikuwa inanyamaza yenyewe. Mpira wa majani ya migomba uliachwa palepale ulipoangukia, kamba ya kuruka ikabaki chini, na hata yule aliyetumwa kununua sambaza, visamaki vya ziwani, alipita kwanza kwa Maman Sifa, sambaza zikamngoja sokoni. Ilikuwa saa ya Tele Rangi.

Kwa wasioijua, Tele Rangi lilikuwa kundi la vituo vitatu vya televisheni: kimoja hapa Bukavu, kimoja Uvira, na kimoja milimani upande wa Mwenga. Havikuonyesha habari, wala mahubiri, wala mpira. Vilionyesha katuni za Wajapani tu, zile za macho makubwa na nywele zilizosimama, kuanzia saa kumi na moja mpaka umeme uamue. Wakubwa walisema mwenyewe ni mfanyabiashara aliyerudi kutoka Asia na makasha ya kaseti ambayo hakuna mtu aliyejua ayafanyie nini. Kaseti zilikuwa chache, kwa hiyo zilizungushwa: zikishaonyeshwa Bukavu zinateremka Uvira, halafu zinapandishwa Mwenga kwa lori, halafu zinarudi kwetu. Mvua ikiharibu barabara, kaseti zilikwama huko matopeni na sisi tukarudishiwa katuni ileile ya juzi. Hakuna aliyelalamika. Tuliitazama upya na tukaogopa upya.

Kiingilio kwa Maman Sifa kilikuwa bidoni moja ya maji. Alikuwa mjane mnene, mwenye televisheni pekee katika njia yetu, na maji ya bomba yalikuwa chini kabisa karibu na ziwa. Mwenye bidoni ya lita tano alikaa nyuma mlangoni. Mwenye ya lita ishirini alikaa mbele, karibu na kioo, na aliruhusiwa kukigusa kikipoteza picha. Mimi nilikuwa mtu wa lita kumi, yaani katikati, nimebanwa kati ya masweta yaliyolowa na harufu ya maharagwe ya Maman Sifa yaliyokuwa jikoni tangu mchana. Hata leo nikisikia harufu ya maharagwe yanayoanza kushika chini ya sufuria, moyo wangu unakimbia kidogo.

Lakini katuni bila Tonton Gaspard zingekuwa picha tu. Yeye ndiye aliyekuwa mfasiri. Alikaa studio na maikrofoni, kaseti ikaenda, na yeye akatusimulia kwa Kiswahili cha kwetu palepale, bila kuandika popote. Kaseti za Kifaransa alizitafsiri. Zile za Kijapani kitupu alizitunga, maana Tonton Gaspard hakujua Kijapani kuliko kuku wa Maman Sifa. Zamani alikuwa katekista, na ilisikika: adui akifa, Tonton alimwombea.

Huyo Tonton ndiye aliyetupa Zawadi. Katika katuni tuliyoipenda kuliko zote kulikuwa na mpiganaji mwenye upanga, nywele ndefu hadi kiunoni, uso laini, anazunguka nchi nzima akimtafuta mwalimu wake. Tonton aliona nywele, akasema ni msichana, akamwita Zawadi. Wasichana wote wa Nyalukemba tukatembea vichwa juu. Tulipigana kwa mabua ya mahindi na tukawashinda wavulana kwa sababu ndivyo ilivyokuwa kwenye televisheni. Basi siku moja, karibu katika sehemu ya ishirini, Zawadi akafika mtoni, akavua shati, na kifua kilikuwa cha mwanaume mtupu. Tukasikia Tonton akikohoa mbali na maikrofoni. Halafu akasema kwa utulivu kabisa:

"Zawadi iko na malaria. Huyu ni ndugu yake. Beko mapasha."

Tulikubali. Kwetu mapacha si jambo la kushangaza, na malaria ndiyo kabisa. Wiki iliyofuata Zawadi akapona, akarudi kazini, na hakuna mtoto aliyeuliza swali. Binti yangu Asifiwe nikimsimulia hili anashika kichwa. Yeye anatazama katuni hizohizo kwenye simu, peke yake, masikioni kachomeka nyaya, kwa Kijapani chenyewe na maandishi ya Kifaransa chini, na anaruka wimbo wa mwanzo. Anaruka wimbo! Sisi wimbo ule tuliuimba kwa lugha ambayo hata Wajapani hawaijui, tukiwa tumesimama.

Kulikuwa na desturi nyingine, na hiyo ndiyo iliyoniletea mambo. Kwenye mlango wa kituo lilitundikwa sanduku la mbao. Ukitia barua yenye jina lako, Tonton alilitia jina hilo kinywani mwa Zawadi. Alingoja mahali pazuri. Upanga uko juu, adui amepiga magoti, upepo unavuma, na Zawadi anasema: kabla sijamukata huyu, namusalimia Furaha wa Nyalukemba, anasoma mwaka wa tatu, aache kulilia kalamu za wenzake. Adui alingoja kwa adabu hadi salamu ziishe.

Mwaka niliokuwa na miaka kumi, baba yangu alikuwa Luhwindja, milimani upande wa Mwenga, akichimba dhahabu. Alikuwa ameondoka mwaka uliotangulia akisema anaenda miezi mitatu. Kwanza alituma habari na watu waliokuwa wanateremka, halafu watu wakaendelea kuteremka bila habari. Mama alilima, aliuza lengalenga, mchicha wa kwetu, na kila Jumapili alipiga pasi shati la baba lile moja lililobaki msumarini, kana kwamba litavaliwa. Mimi nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, siku ya Pentekoste, na nilitaka kitu kimoja tu: baba asimame kanisani upande wa wanaume, na mimi nipite mbele yake na gauni jeupe. Rozari ya zawadi sikuitaka, wala soda. Nilimtaka yeye.

Mchimbaji mmoja aliyepita kwetu alikuwa ametuambia kwamba hata Luhwindja jioni wanatazama Tele Rangi. Kantini ya pale ilikuwa na jenereta, na wanaume wazima wenye matope hadi magotini walikaa chini kutazama katuni. Mama alicheka. Mimi sikucheka, nilikuwa nimeshapata njia. Niliandika barua kwenye karatasi ya daftari la hesabu, nikaipeleka mwenyewe mpaka kwenye sanduku, nikaitia na kusukuma mkono ndani kuhakikisha imeanguka.

Siku nne nilibeba bidoni ya lita ishirini ili nikae mbele. Siku ya tano Zawadi alikuwa juu ya daraja, peke yake, adui wametoka pande zote mbili. Akauinua upanga. Tonton akashusha sauti, kama alivyofanya wakati wa kuwaombea wafu, na akasema:

"Papa wa Nsimire, weye uko Luhwindja, unisikie. Mutoto yako atakomunia siku ya Pantekoste. Anasema ukuye."

Wenzangu walinigeukia wote. Maman Sifa alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanitazama, akarudi kwenye maharagwe yake. Mji mzima ulikuwa umesikia, na nilikuwa na hakika kwamba huko Luhwindja, kwenye ile kantini, mtu mmoja mrefu amesimama katikati ya wenzake na anatafuta viatu vyake.

Mama aliambiwa na jirani kabla sijafika nyumbani. Aliniuliza kama nimeona vizuri kuwatangazia watu wote kwamba bwana wake ameenda na hajarudi. Alikaa chini muda mrefu akichambua sombe za majani ya muhogo ambazo zilikuwa zimeshachambuliwa, na mwishoni akasema maneno ambayo niliyashika kwa miaka mingi kuliko sala zote za katekisimu:

"Mutu akisikia jina ya mutoto yake, atakuya."

Pentekoste ilifika. Gauni lilikuwa limekatwa kutoka kwenye shuka ya harusi ya mama, na lilinipendeza, hata leo nasema lilinipendeza. Mama alipika sambaza na bugali ya watu watatu. Nilipita katikati ya kanisa nikitazama upande wa wanaume, benchi kwa benchi, mpaka padri akanigusa kidevu ili nimtazame yeye. Baada ya misa picha ilipigwa. Ndani yake watoto wote wanatazama mbele, mimi natazama barabara.

Hakuja. Na kwa kuwa mtu akisikia jina la mtoto wake huja, basi alisikia na akakataa. Hiyo ndiyo hesabu niliyoifanya nikiwa na miaka kumi, na sikumwomba mtu yeyote aisahihishe.

Alirudi baada ya mwaka na nusu, amekonda, na kikohozi cha mashimoni ambacho hakikumwacha tena. Mama alimpa shati lake. Mimi nilimpa mkono. Nilimletea maji ya kunawa, nilimjibu alichouliza, nilimwita Papa kwa heshima yote kama mtoto aliyelelewa vizuri, na sikumpa kingine. Mimi nikinuna nanuna. Jioni moja alinifuata kwa Maman Sifa, akakaa nyuma mlangoni na watoto wa lita tano, mtu mrefu vile, na katuni ilipoanza akasema kwa furaha kwamba kijana huyu anamjua, huyu ndiye Bahati. Watoto wakamcheka. Nilimwambia bila kugeuka kwamba huyo si kijana, ni Zawadi, kila mtu anajua. Akasema "ah bon", yaani kumbe, na hakurudi tena. Tele Rangi yenyewe ilifungwa mwaka uliofuata. Asubuhi moja sanduku halikuwepo mlangoni, na mtambo ulikuwa umeshushwa.

Baba aliishi miaka minane baada ya kurudi. Alifariki nikiwa nasomea ualimu, akazikwa kijijini kwao, Miti. Nililia kwa sababu kila mtu alikuwa analia, lakini ukweli ni kwamba nilimzika nikiwa bado nimemkasirikia.

Sasa mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka huu tumepata mwalimu mpya, Birindwa, wa umri wangu, mzaliwa wa Luhwindja. Siku moja wakati wa mapumziko wanafunzi walikuwa wanabishana juu ya katuni zao, na sisi wakubwa tukaanza kujivuna kwamba katuni za kweli zilikuwa zetu. Nikamtaja Zawadi na malaria yake, walimu wa Bukavu wakacheka hadi machozi. Birindwa hakucheka. Akauliza Zawadi ni nani. Nikamweleza: yule mwenye upanga, nywele hadi kiunoni. Akasema huyo si Bahati? Nikamuuliza huyo Bahati alimpata wapi, Tonton Gaspard hakuwahi kusema Bahati.

"Sisi tulikuwaka na maman moja, njo alikuwa anatafsiri," akasema Birindwa. "Kila kituo na mutu yake. Kaseti tu njo ilikuwa inatembea. Sauti ya Bukavu hatukusikiaka hata siku moja, milima ilikuwa inaizuia."

Kengele ililia. Niliingia darasani nikawapa watoto zoezi refu, na nikakaa mezani kwangu nikimsikia baba akisema kijana huyu namjua. Alikuwa amekuja kunipa kitu pekee tulichokuwa tumekitazama wote wawili tukiwa mbali, na mimi sikugeuza hata shingo.

Watoto wa leo hawatapotea hivi. Asifiwe akimtumia baba yake ujumbe, anaona alama mbili zinageuka rangi na anajua umesomwa. Zikichelewa dakika tano anapiga simu kumgombeza. Nawacheka, nasema hawana subira, hawajui kungoja, hawajui kubeba maji kwa ajili ya hadithi. Lakini kwa alama zile mbili nawaonea wivu. Sisi tulikuwa na Tonton, na Zawadi juu ya daraja, na mji mzima ukisikiliza, na tuliamini kwamba jambo likishasemwa kwa uzuri vile limefika. Ningezitoa alama zote za simu hii nirudishiwe jioni moja ya kwa Maman Sifa, nimsogelee yule mtu mlangoni, nimuulize Bahati alifanya nini huko kwao.

Mwezi uliopita, Jumapili, nilienda Miti kaburini kwa baba, peke yangu. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, mimi mwalimu, maneno ndiyo kazi yangu. Nilipofika nilipalilia kwanza, maana majani yalikuwa yamefunika msalaba, na nilipomaliza maneno yote yalikuwa yameondoka isipokuwa haya.

"Papa," nikamwambia, "mi nilizani ulisikia."