Mwaka Ambao Binti Yangu Hakuacha Kunawa

Kwetu, nje kidogo ya Mpui, upepo wa Juni na Julai unapenya sweta kana kwamba hukuvaa kitu. Maji yaliyolala kwenye ndoo nje ya nyumba yanauma mpaka kwenye mfupa. Ni msimu ambao watoto wanakwepa kuoga, na mama mwenye busara hawafukuzi sana. Kwa hiyo nilipomwona binti yangu wa darasa la tano akirudi kwenye ndoo mara kwa mara kunawa mikono, sikushtuka. Nilidhani anakua, ameanza kujipenda.

Mvua zilipokuwa zinaisha mwaka huo tulikuwa tumemzika mdogo wake, mtoto wangu wa mwisho, ambaye hata kutambaa alikuwa hajajua vizuri. Homa ya mapafu ilimchukua upesi. Mume wangu ni utingo wa lori, hushusha na kupakia samaki wa Kasanga, na baada ya msiba alirudi barabarani kwa sababu hakuna aliyejua la kufanya zaidi ya kurudi kazini. Mimi nilirudi shambani. Nilikuwa napalilia maharage huku macho yananitiririka, nikifika nyumbani napika, nalala. Ukiniuliza binti yangu alikuwa anawaza nini miezi ile, siwezi kukujibu. Alikuwa mtulivu, na katika nyumba yenye msiba mtoto mtulivu anaonekana ni baraka.

Kisha kunawa kukazidi. Alinawa akigusa mlango, akigusa kuku, akigusa daftari. Ngozi ya mikono ikapasuka, ikatoa damu kwenye viungo vya vidole, naye akaendelea kunawa juu ya vidonda. Akakataa kubeba mtoto wa jirani. Akakataa kuwasha moto wala kusonga ugali. Na kila alipomaliza kunawa alikuja mbele yangu, ananyoosha mikono, ananiuliza: "Mama, mikono yangu safi?"

"Safi, mwanangu."

"Kweli?"

"Kweli."

Alikuwa anakwenda hatua chache, anarudi. "Mama, safi kweli?"

Ilifika mahali nikawa naamka asubuhi nimechoka kabla ya kusimama, kwa sababu nilijua swali linanisubiri mlangoni.

Nilimpeleka zahanati. Mhudumu aliyekuwa zamu aliitazama mikono yake, akaniuliza ana shida gani.

"Ananawa sana," nikasema.

Akacheka, si kwa ubaya. "Mama, wenzako wanalia watoto wao hawanawi, wewe unaleta malalamiko kwamba wako ananawa?" Wanawake waliokuwa kwenye foleni wakacheka pia. Tulipewa mafuta ya kupaka. Binti yangu aliyapaka tukiwa njiani, na tulipofika nyumbani akayaosha.

Mama mkwe wangu alisema mtoto amechezewa. Sikubishana naye. Alikuwa amempoteza mjukuu, naye alikuwa anaogopa kumpoteza wa pili. Tulimpeleka kwa mganga, mtoto akachanjwa chale viganjani na kupakwa dawa nyeusi. Sina la kumlaumu yule mganga, alituhurumia na alimwombea. Lakini kwa mtoto ambaye hofu yake yote ilikuwa ni uchafu wa mikono, chale zile zilikuwa moto juu ya moto. Wiki ile alinawa mpaka sabuni ikaisha, akachukua majivu.

Mwalimu wake wa darasa ndiye aliyenitumia ujumbe niende shuleni. Alinikalisha, akasema binti yangu haandiki tena kwa sababu hataki kushika kalamu. "Mpeleke hospitali mjini, Sumbawanga. Kuna kitengo cha afya ya akili."

"Mwalimu, mwanangu si kichaa."

"Sijasema kichaa, mama. Nimesema anaumwa."

Niliondoka nimekasirika. Kesho yake nikafunga shuka na ndoo ndogo, tukatembea mpaka barabara kuu, tukasubiri gari la kwenda mjini. Ndoo ilikuwa ya maji ya kunawa njiani. Bila hiyo asingepanda.

Safari ile ya kwanza tuliambiwa siku ya kliniki si ile. Tuliporudi siku yenyewe, nesi anayehusika alikuwa ameitwa kwenye semina. Kila dirisha niliulizwa upya, mtoto ana nini, na kila dirisha nilieleza upya, na kila mara nilipofika kwenye neno "ananawa" niliona uso wa msikilizaji ukilegea kwa kicheko anachokizuia. Na ukumbini tulikaa pamoja na wagonjwa wakubwa. Mwanamume mmoja aliletwa na ndugu zake amefungwa kamba mikononi, anapiga kelele kwamba anaibiwa. Binti yangu alijificha nyuma ya mgongo wangu, akaninong'oneza kwa Kifipa, "Mama, na mimi watanifunga?"

Safari ya tatu, pembeni yetu alikaa mwanamke wa mjini, amevaa baibui zuri, na mtoto wa kiume kama wa miaka tisa. Alinisikia nikimbembeleza binti yangu, akanisogezea nafasi.

"Wako anasumbuliwa na nini, dada?"

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nikasema tu, "Ananawa," nikasubiri acheke.

Hakucheka. Akanionyesha mwanawe kwa kidevu. "Wangu haongei. Nyumbani anaongea kama redio, akivuka kizingiti tu, basi. Shuleni hajasema neno mwaka mzima." Akashusha sauti. Familia ya mumewe wana duka la vipuri na magari ya abiria, na ukweni kwake wanasema ni husuda ya biashara. "Leo nimewaaga kwamba nakwenda kupima presha. Wewe unachoka na njia. Mimi nakaa hapo Kizwite, njia sina, lakini kuficha kunanichosha."

Siku hiyo kliniki ilifungwa kabla hatujafikiwa. Alituchukua kwake tukalala. Alimpa binti yangu birika na kipande kipya cha sabuni bila kuuliza chochote, na mimi nikala pilau yake nikiwa nasinzia. Kuanzia hapo, kila nilipokwenda mjini, nilifikia kwake.

Nesi tulimpata hatimaye. Alikuwa kijana mpole, mtu wa Bukoba, na sote tulimwita daktari. Binti yangu anajua Kiswahili cha shule, lakini mambo ya nyumbani kwetu ni ya Kifipa, na siku ile Kiswahili kilimkataa kabisa. Nesi akaniomba nitafsiri.

"Muulize, akiacha kunawa anaogopa nini kitatokea."

Nikamuuliza. Alitazama mikono yake muda mrefu, kisha akasema, kwa sauti ndogo, na mimi nikafungua mdomo nitafsiri kabla sijaelewa ninachotafsiri.

"Anasema mtu atakufa."

"Nani?"

"Anasema... mimi. Mama yake. Au baba yake, au yeyote atakayekula alichokigusa."

"Muulize amejuaje."

Nikamuuliza. Binti yangu akaanza kulia. Alisema siku ya msiba shangazi yake, dada ya baba yake, alikuwa anawaambia wanawake jikoni kwamba watoto wengi wanakufa kwa sababu ya kulishwa na mikono michafu. Na yeye ndiye aliyekuwa akimlisha mdogo wake uji mimi nikiwa shambani. Na siku moja alitoka kucheza, mtoto analia njaa, akamlisha bila kunawa.

Nesi alikuwa ananisubiri. "Anasema nini, mama?"

Nilijaribu. Neno la kwanza lilitoka, la pili likakwama. Mwishowe nikasema, "Anasema yeye ndiye aliyemuua mdogo wake." Nikafunika uso kwa kitenge changu, pale pale mbele ya mgeni.

Nesi hakunihimiza. Tuliponyamaza, aliniuliza mtoto alifariki kwa ugonjwa gani. Nikamwambia ni homa ya mapafu, daktari alisema, ilikuwa baridi na kifua kilimbana. Akanigeukia vizuri. "Umewahi kumwambia huyu?"

Kwetu nani humweleza mtoto ugonjwa uliomuua mtu? Watoto huambiwa Mungu amempenda zaidi, wanapewa chai, wanatolewa nje. Basi nikamwambia pale pale, kwa Kifipa, yote, kifua, pumzi, oksijeni, maneno ya daktari. Kwamba uji haukuhusika. Kwamba mdogo wake alikuwa akimwona yeye tu, anaanza kucheka. Alinisikiliza bila kupepesa. Nilidhani tumemaliza. Nilidhani tutatoka pale tukiwa tumepona.

Tulipotoka alinawa kwenye bomba la uani.

Nesi alikuwa amenionya. Alisema ukweli utamsaidia, lakini ugonjwa umeshajijengea nyumba yake na hautatoka kwa siku moja. Kazi ilikuwa hii: aguse kitu anachokiogopa, akae na hofu bila kunawa, leo kidogo, kesho zaidi, mpaka hofu ipungue yenyewe. Na mimi nisijibu tena lile swali. "Ukimjibu, unailisha hofu. Mwambie tu, hilo ni swali la ugonjwa, nipo hapa na wewe."

Rahisi kusema. Jaribu wewe kusimama mbele ya mtoto wako amekunyooshea mikono yenye vidonda, anakuuliza, machozi yanamshuka, na wewe unajua neno moja litampa nafuu, nawe unalimeza. Majirani walisema nimekuwa mkatili. Mama mkwe aliondoka jikoni ili asione. Kuna jioni nilishindwa, nikajibu, na kesho yake tukawa kama tunaanza upya.

Ilitakiwa tuonane na nesi mara kwa mara, na hapo ndipo njia ilipotumaliza. Kwenda mjini ni kuacha shamba, kuacha mama mkwe na wengine, na kurudi umekauka mfukoni. Miezi mingine sikwenda. Safari moja nilimwambia nesi, kwa uchovu tu, si kwamba nilikuwa nimepanga, "Gari la chanjo linakuja zahanati yetu kila mwezi. Halina nafasi ya mtu mmoja zaidi?"

Akatabasamu. "Nafasi ipo. Ruhusa ndiyo sina."

Ruhusa ilikuwa kwa mganga mkuu wa hospitali. Nesi alisema akienda peke yake ataambiwa mengi, lakini akienda na wazazi huenda wakasikilizwa. Yule rafiki yangu wa Kizwite alisema atanisindikiza mpaka mlangoni, hataingia. Mpaka mlangoni tulifika. Mganga mkuu, mzee mwenye miwani, alinisikiliza kwa heshima, akasema magari ni machache, mafuta ni machache. "Na watoto wenye matatizo hayo sidhani kama ni wengi, mama. Hatuwaoni."

Ndipo mlango ukafunguliwa. Rafiki yangu aliingia, amemshika mwanawe mkono.

"Shikamoo, daktari. Hamwaoni kwa sababu tunawaficha. Mimi nakaa karibu na hospitali hii na nimemficha wangu mwaka mzima. Siku ya kliniki anakaa na watu wazima waliofungwa kamba, akirudi nyumbani anakojoa kitandani. Tutengee watoto siku yao. Na huyu dada, mpelekeeni nesi kwao."

Ukumbini kulikuwa na watu wanaomfahamu, na kabla ya jioni ukweni kwake walikuwa wamesikia. Alisemwa sana, na kwa muda mumewe hakula chakula alichompikia. Sijui kama mimi ningeweza.

Haikuwa mara moja. Tuliambiwa subirini, tukasubiri mpaka mahindi yakavunwa. Kisha watoto wakatengewa asubuhi yao pale mjini, na siku moja gari la chanjo likafika Mpui na nesi akiwa kiti cha nyuma, amepakata boksi la chanjo. Alipewa chumba kidogo kinachotunzia vyandarua. Siku hiyo tulikuwa mimi na binti yangu tu. Mwezi uliofuata akaja mama mmoja wa wafugaji, watu waliohamia na ng'ombe kutoka kanda ya ziwa, na mwanawe mwenye kifafa aliyewahi kuangukia motoni. Alikuwa hajui kwamba kifafa kina vidonge. Baadaye wakaja wengine, wakipita mlango wa nyuma mwanzoni.

Ningependa kusema mambo yalinyooka. Mvua zikija gari halifiki, au mafuta hakuna, au vidonge vimeisha na mama anarudi na karatasi ya kwenda kununua dukani. Yule kijana wa Bukoba alihamishwa, na kwa miezi kadhaa chumba kile kilirudi kuwa cha vyandarua tu. Tulikwenda tena kwa mganga mkuu, tukaeleza tena yale yale kuanzia mwanzo. Akaletwa nesi mwingine, mwanamke, na binti yangu ilibidi amzoee.

Yuko sekondari sasa. Anashika kalamu, anapika, anacheka na wenzake. Mitihani ikikaribia mikono inaanza tena kukauka, naye mwenyewe ananiambia, "Mama, imerudi kidogo," tunaanza mazoezi yetu. Mtoto wa rafiki yangu husoma kwa sauti darasani, kwa sauti ndogo, lakini husoma.

Juzi nilikuwa zahanati nasubiri gari la chanjo. Akaja mwanamke kijana kutoka vijiji vya ndani, amembeba mtoto mkubwa ambaye alipaswa kutembea mwenyewe. Aliniuliza kama ni kweli hapa kuna daktari wa watoto wenye mawazo. Nikamwambia kweli. Tukasubiri mpaka jua likaanza kuinama, kisha mhudumu akatoka kutuambia gari limeharibika, tuje mwezi ujao. Mwanamke yule alimrekebisha mtoto mgongoni, akabaki amesimama pale pale kama mtu aliyesahau njia ya nyumbani.

Nilikuwa na maharage yamekauka shambani, na magoti yananiuma. Nikamuuliza ana mtu wa kufikia mjini. Akatikisa kichwa.

"Basi lala kwangu," nikamwambia. "Asubuhi nitakupeleka mjini mwenyewe."