Malimbikizo ya Baba

Kwetu Shanwe, neno malimbikizo nililijua kabla sijajua kusoma. Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akimdai mwajiri wake nyongeza ya kupanda daraja, fedha za uhamisho, fedha za likizo. Haki ya mwaka huu isipolipwa inaungana na ya mwaka jana, deni linakaa juu ya deni, na rundo lote hilo ndilo malimbikizo. Nyumbani neno lilikuwa na kazi nyingine: kunyamazisha watu. Bati linavuja? Malimbikizo yakitoka. Mama anaumwa mgongo, apelekwe hospitali kubwa? Malimbikizo yakitoka. Na baba akilitamka alikunja uso kama mtu aliyeibiwa mchana kweupe, nasi watoto tukamhurumia.

Mama hakumhurumia sana. Alikuwa Msukuma, kaka zake wanafuga ng'ombe kijijini Sibwesa, na baba alimuoa kwa ng'ombe watatu na ahadi ya wengine. Ahadi ni deni, lakini deni hilo baba hakuwahi kulikunjia uso.

Mama alipofariki, wajomba walifika kwa pikipiki. Walilia, tena walilia kweli, kisha wakakaa mbele ya mlango wa chumba alicholazwa marehemu. Kwa mila yao, mke ambaye mahari yake haijaisha mumewe hana ruhusa ya kumzika. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa na jua linapanda.

"Nivumilieni, mashemeji," baba alisema. "Malimbikizo yangu yakitoka tu..."

Mjomba mkubwa hata hakupandisha sauti. "Mwalimu, wewe una mtu wako unamdai. Sisi tunakudai wewe. Na ya kwetu ni malimbikizo vilevile."

Baba akanitazama mimi, binti yake pekee, nimekaa mkekani na macho yamevimba.

"Huyu akiolewa, ng'ombe wake mchukue nyie."

Wajomba wakaangaliana, wakainuka mlangoni. Mama akazikwa mchana huo. Sikuulizwa. Siku ile nilimchukia baba kuliko nilivyokichukia kifo chenyewe, na kusema kweli bado sijamaliza.

Nilipochumbiwa, ng'ombe wangu walipelekwa moja kwa moja Sibwesa, hawakulala kwetu hata usiku mmoja. Nao walikuwa nusu tu ya waliokubaliwa. Baba akawauliza wakwe, kwa ukali kabisa, waliobaki wataletwa lini. Mume wangu alijibu kwa adabu: mavuno yakikaa vizuri.

Mavuno yamekaa vizuri, yakaliwa, yakauzwa. Nikimkumbusha anacheka, ananiambia nisiwe kama wajomba zangu.

Mwezi uliopita nilijifungua. Mume wangu aliposikia ni mtoto wa kike alipiga makofi, akatania kama watu wa huku wanavyotania: "Tumepata ng'ombe!" Wote wodini wakacheka. Mimi nilimvuta mwanangu kifuani nikalia, wakadhani ni furaha.