Geji ya Baba Julia

Mume wangu Basil, Baba Julia, alikuwa mtu wa kusikiliza injini. Udereva alijifunzia vitani Bama, katika Vita vya Pili vya Dunia, akarudi Newala na koti la jeshi na tabia ya kunyamaza ghafla katikati ya mazungumzo yako, sikio upande, eti kuna gari linapita. Ilinikera sana. Hata kanisani alifanya hivyo.

Mwingereza bado alikuwa anatawala, na madereva wa Kimakonde walikuwa wa kuhesabika. Tajiri mmoja wa Masasi akamkabidhi lori kuukuu lililotoka jeshini, ashushe korosho na kupandisha mapipa ya maji, maana huku juu kwetu maji yanafuatwa bondeni. Sharti lilikuwa moja: injini ikifia mikononi mwake, asirudi kuomba kiti. Baba Julia alikubali akicheka. Lori lile alilipenda, na mimi nasema hivyo kwa wivu kidogo.

Masika moja injini ikachoka. Tajiri akanunua beringi mpya za injini, lori likapelekwa kwa fundi Rajabu, karibu na hospitali ya Mkomaindo, Masasi. Rajabu alikuwa mtani wetu. Ukoo wake na ukoo wa Baba Julia wanataniana tangu enzi za mababu, na mwenye mtani anajua maana yake: atabeba kuku wako ukimtazama, atamsema mama mkwe wako, nawe ukinuna umejiaibisha mwenyewe. Alikula kwangu, alilala kwangu. Julia alipozaliwa, yeye ndiye wa kwanza kumwita mke wake.

Siku ya kuchukua lori nilikuwepo. Baba Julia akauliza habari za geji ya oili, kile kisaa cha kwenye dashibodi kinachoonyesha kama oili inasukumwa vizuri, kwa sababu kabla ya matengenezo mshale wake ulikuwa unaanguka injini ikipata moto. Rajabu akapaza sauti gereji nzima isikie.

"Mtani, huo mshale nimeubandika kwa gundi ya mkorosho! Hauanguki tena mpaka uzikwe!"

Watu wakavunjika mbavu. Baba Julia akamjibu kwamba gundi iliyobaki ajibandikie mdomo. Nami nilicheka, tena sana.

Msimu wa korosho ukaanza. Kila akirudi nyumbani ilikuwa lazima amsifie mtani wake: mshale haujatikisika, hata milimani, hata jua likiwa kali. Nikimpa chakula, habari ni mshale.

Siku hiyo nilikuwa kando yake, natoka kumwona dada yangu aliyelazwa hospitali. Nyuma tulibeba maji. Kabla ya kona za kupandia Newala akasimamisha lori injini ipoe. Mimi sikuwa na kingine cha kutazama, nikawa nakitazama kile kisaa.

"Baba Julia, umezima?"

"Nimezima."

"Mbona mshale bado uko juu?"

Akanyamaza kwa namna yake ile. Akakigonga kioo kwa ukucha, mshale haukusogea. Akashuka, akachomoa kijiti cha kupimia, akakuta oili ipo ya kutosha. Akarudi, akafungua nati ya kibomba chembamba cha shaba kinacholeta oili kwenye geji, akanipa kitambaa nikinge, akawasha injini. Kama msukumo ungekuwepo, oili ingeruka. Lilidondoka tone moja, baada ya muda likadondoka jingine. Na chini ya miguu yetu chuma kikaanza kugonga chuma. Hata mimi nisiyejua injini nilielewa kwamba kitu kinakufa. Kabla mkono wake haujafika kwenye swichi, injini ikajikaba, kimya.

Alikifungua kisaa kwa bisibisi, akatoa kioo. Gundi ilikuwepo, ya rangi ya asali, imekauka juu ya mshale.

"Alisema kweli," akasema. "Mama Julia, mtani alisema kweli, tukacheka."

Akakaa kwenye madigadi kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Sijawahi kumwona vile, na sikujua nimshike wapi.

Shauri lilikuwa barazani kwa tajiri. Baba Julia aliweka geji mezani, akaeleza. Rajabu hakukana hata neno. Alicheka.

"Si nilikwambia, mtani? Mbele ya watu wote hawa! Leo umeshikwa na hasira?"

Watu wakakumbuka, wakacheka tena. Baba Julia akaichukua geji mezani, akaitia mfukoni. Angesema nini? Anayemshitaki mtani wake kwa maneno ya utani anaonekana mpumbavu. Tajiri yeye hakucheka. Alisema tu, "Kumbe uliambiwa," akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Baadaye sana ndipo tulipojua kwamba beringi mpya Rajabu alizifunga kwenye lori la mtu wa Tandahimba, na letu akalirudishia zilezile zilizokwisha, mshale akaubandika usimsaliti.

Hakuna aliyempa Baba Julia gari tena. Alilima mihogo. Lori likipita barabarani jembe lilisimama hewani, sikio upande, mpaka mlio upotee kabisa. Mimi nilikuwa naingia ndani nisione.

Homa ya mapafu ilimchukua kabla ya Uhuru. Msibani Rajabu akaja, kama ilivyo kazi ya mtani. Alikalia kinu, akashika ungo akiuzungusha kama usukani, akainamisha kichwa kusikiliza injini. Alimpatia vizuri mno. Waliokuwa wanalia walicheka, na Julia wangu alicheka. Kisha akaninyooshea kiganja, maana mtani aliyemwigiza marehemu hupewa kitu cha marehemu.

Niliingia ndani, nikatoka na ile geji. Nilikuwa nimeifunga kwenye kanga miaka yote hiyo, na mshale haukuwa umeshuka. Nikamwekea kiganjani mbele ya watu.

Vicheko vikaisha, kimoja kimoja. Rajabu akaitazama, akanitazama.

"Mama Julia, hii si ya utani. Hii ni hasira."

"Hasira ya nani?" nikamwambia. "Nakutania."

Kuikataa asingeweza; kiganja alikinyoosha mwenyewe. Aliondoka nayo kabla chakula hakijapakuliwa. Nilidhani moyo utapoa, kumbe wapi. Nyuma ya nyumba lori lilipita likipanda, nami nikajikuta nimeinamisha kichwa, nasikiliza.