Nyumba za Ukubwa wa Turubai

Siku ya kwanza ya darasa la kuchora kwa mkono, pale Mbarara, mwalimu alipita meza kwa meza akakusanya rula na raba zetu, akazitia kwenye mfuko wa plastiki na kuufunga fundo. Alikuwa Mnyankore wa makamo, mtu wa sauti ndogo.

"Hapa ni mkono na macho tu," alisema. "Ukikosea, wacha makosa ikae pale, tuone wewe ulikuwa nataka nini."

Mimi sikuogopa. Kwetu Nakivale, kambini kwa wakimbizi, mimi ndiye niliyekuwa nikiandika matangazo ya kanisa ubaoni, herufi zimenyooka bila mstari wa kuongozea, na wazee wa kanisa walinisifu mbele ya kina mama wote. Nilifika Mbarara nimevimba kichwa, wala sioni haya kukiri. Nilitaka usanifu wa majengo, si kingine. Lakini mwalimu alitueleza mapema kwamba mwisho wa muhula tutaketi mbele ya jengo moja na kulichora kwa macho. Atakayeshindwa atahamishiwa uashi, na usanifu atausahau. Uashi ni kazi ya heshima, kaka zangu wawili wanaishi nao. Ila mimi sikuutaka.

Kila juma alitupeleka Ruti tuchore majengo yaliyo kando ya barabara ya Kabale. Sharti lake lilikuwa moja: kila jengo lichorwe pamoja na mtu aliyesimama mlangoni, ili ukubwa wake ujulikane. Juma la nne akabandika michoro ya kila mmoja ukutani. Yangu ilikuwa na mistari safi kuliko yote, nami nikakaa nikisubiri sifa zangu.

"Nyabo," aliniita, yaani bibi kwa lugha ya kwao. "Hii ni kibanda ya chapati. Hii ni hoteli ya ghorofa tatu. Tazama mtu yako kwa mlango. Mbona upana iko moja?"

Nikatazama. Kweli. Ukimlinganisha na mtu aliyesimama mlangoni, kibanda kilikuwa kimevimba na hoteli imekondeana. Na si hizo mbili tu. Duka la dawa, kanisa, gereji, vyote vilikuwa na upana uleule. Nikajitetea kwamba madirisha yote ya hoteli yamo, ahesabu mwenyewe.

"Yote iko," alisema. "Lakini imebanana kama watu kwa lori."

Darasa zima likacheka. Nilikasirika hadi masikio yakawaka moto.

Jumamosi nilirudi Nakivale. Mama alikuwa uani akipukuchua maharage. Nikatupa michoro yangu mkekani, nikamwambia mwalimu hanipendi. Mama hakusoma shule, lakini aliishika karatasi moja moja, akaitazama bila haraka, kisha akacheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kitenge.

"Mutoto wangu," akasema, "hizi zote ni nyumba yetu."

Akaniinua, tukasimama mbele ya nyumba. "Ile siku tulifika, balitupatia bashi moja," akasema. Bashi ndilo jina letu la turubai. "Sikupima nyumba na kitu kingine. Nilitandika bashi chini, nikapunguza kidogo kila upande ju mvua isipige ukuta, nikasimika miti. Bashi njo ilisema nyumba itaishia fasi gani."

Majirani walifanya vilevile, njia nzima. Baadaye mabati yalikuja, lakini kuta zilibaki palepale turubai lilipoziweka. Mimi nilikulia humo, na kabla ya Mbarara sikuwahi kulala katika nyumba ya ukubwa mwingine. Mkono wangu ulikuwa unachora kile ambacho jicho lilizoea.

Niliona aibu, tena nyingi. Lakini mimi si mtu wa kukaa na aibu muda mrefu. Kufika jioni nilikuwa nimeshajiambia kwamba katika darasa lile hakuna mwingine mwenye kipimo kilichokaa jichoni bila kusogea. Basi na kifanye kazi.

Jumatatu nilianza kutandika turubai juu ya kila jengo la Ruti, kwa macho tu. Kibanda cha chapati kilipata nusu. Hoteli ilikula matatu kwa upana. Mwenye gereji aliniuliza ninahesabu nini ukutani kwake kwa kidole, nikamwambia nahesabu nyumba za kwetu, akaniacha. Hata sokoni Isingiro, njiani kwenda nyumbani, mkungu wa ndizi kichwani, nilikuwa natandika.

Siku ya mtihani walituketisha mbele ya ukumbi wa shule, mrefu, wenye baraza na nguzo nyingi. Wenzangu walinyoosha penseli mbele ya jicho moja wakipima. Mimi nilikaa mikono mapajani muda mrefu, hata mwalimu akaja kuniuliza kama ninaumwa. Turubai saba, na kipande kilichobaki cha upana wa mlango. Hapo ndipo nikachora, mstari mmoja kutoka mwisho hadi mwisho.

Mwalimu alileta tepu. Akapima ukumbi, akapima mchoro wangu, akarudia tena; vipimo vikalingana.

"Ulipima na nini?"

"Na turubai," nikasema, nikamweleza yote. Hakucheka. Aliandika jina langu kwenye orodha ya usanifu mbele ya macho yangu, kisha akawaita wengine waje waone. Nilijivuna, nasema wazi. Nilivuka mji mzima nimeukunjua mchoro wangu ili wapita njia wauone.

Nyumbani mama aliita majirani wautazame. Walipoondoka, akanipa penseli na karatasi mpya.

"Sasa chora yangu," akasema. "Yenye ningejenga kama hakuna mutu alinipatia kipimo."

Akaanza kunionyesha kwa kidole. Hapa sebule. Hapa chumba cha wageni, "ju bageni ni bengi". Hapa vyumba vya wajukuu, kila mmoja na dirisha lake. Kila niliposimamisha ukuta, alisogeza kidole mbele kidogo, na mimi nikamfuata, mpaka kidole kikatoka kwenye karatasi kikawa juu ya mkeka.

"Mama, karatasi imeisha."

"Nimeona," akasema, bila kuondoa kidole. "Leta ingine."