Nilisema "nina wasiwasi na mtoto", daktari akaelewa lake, mke wangu akaelewa lake

Wakuu, habari za mchana. Mkasa huu ni wangu mwenyewe na sijauongezea chumvi, ulikuja na chumvi yake.

Nauza vigae Tegeta, nakaa Goba. Ukinunua kiwanja Goba unanunua na mlima wake, kwa hiyo kibaraza chetu kiko juu na ngazi za kushuka getini ni ndefu.

Mwaka jana tulijaliwa mtoto wa kwanza, binti. Nilimsubiri kwa hamu hadi majirani wakanichoka.

Siku moja nimesimama naye kibarazani, kichanga kabisa, wazo likaja: mwachie.

Yaani mwachie aanguke.

Sikuwa na hasira, pombe situmii, na yule mtoto nampenda kuliko chochote. Nikamrudisha kwa mama yake nikasingizia naenda chooni.

Tangu hapo wazo likawa linakuja kila nikimbeba, basi nikaacha kumbeba. Badala yake nikawa namuuliza mke wangu, "Mtoto mzima? Hajaumia popote?" Akijibu mzima napoa kidogo, kisha najiambia labda hakuangalia vizuri, nauliza tena.

Nikaenda hospitali moja kule Temeke, mbali makusudi nisikutane na jirani. Nikamkuta daktari kijana, mtu wa bara, mstaarabu sana. Akauliza nina shida gani.

Sasa ningesemaje? Kwamba nawaza kumdondosha mwanangu? Nilishajiona natoka pale na pingu. Nikasema, "Dokta, nina wasiwasi na mtoto."

Akauliza kama nalala vizuri, biashara inaendaje, kama kuna mambo mengine yananipa wasiwasi. Wakuu, nani Dar hana mambo mengine? Nikakubali yote. Akasema ni ugonjwa wa hofu ya jumla, ule wa kuwaza kila kitu kupita kiasi, akanifundisha kuvuta pumzi taratibu. Kwa nilichomwambia, hakukosea.

Chekeni hapa. Zoezi la pumzi nikaligeuza ibada. Pumzi ikikatika katikati naona haijakubaliwa, naanza upya. Mteja amesimama dukani anataka vigae vya choo, mimi nimefumba macho narudia.

Nyumbani nako mambo yalikuwa yanachemka.

"Baba, mbona mwanao humbebi?" mke wangu akaniuliza.

Nikaona niseme angalau nusu ya ukweli. "Nina wasiwasi na huyu mtoto."

Akanitazama kama hanijui.

"Wasiwasi gani? Kwamba si wako?"

Kila nikitaka kueleza nikawa nagugumia, na mwanaume akigugumia kwenye swali kama lile, amejibu.

"Mie sibembelezi mtu," akasema. "Nabeba mwanangu narudi kwetu Kigamboni. We baki na vigae vyako."

Akaanza kufunga mizigo kweli. Nilimwogopa mwanangu, na sasa nilikuwa namkosa kabisa. Niliumia sana wakuu. Nikamwomba kabla hajaondoka twende wote hospitali. Akakubali shingo upande.

Yule kijana hakuwepo. Tulimkuta mama mtu mzima, lafudhi ya Lindi.

"Shikamoo dokta."

"Marahaba baba. Nini kinakusumbua?"

"Nina wasiwasi na mtoto."

Mke wangu akaguna.

Yule mama akaweka kalamu chini. "Wasiwasi upi? Wa kuwaza ada na kodi, au ule wa kwenye udhu?"

Kwa msioswali: udhu ni kujitawadha kabla ya swala. Kuna mtu anaosha mkono, moyo unamwambia bado, anaosha tena, wenzie wanamaliza swala yeye yuko bombani. Mtaani tunasema fulani ana wasiwasi. Na mtu huyo tangu madrasa ni mimi. Ustadhi alikuwaga ananifungia bomba.

"Wa udhu," nikasema, na machozi yakanitoka.

Nikamwaga kila kitu, kibaraza, ngazi, lile neno mwachie, mke wangu akisikia. Nilijua hapo ndoa imekwisha. Badala yake mke wangu akanishika mkono.

Daktari akatufafanulia. Mwenye hofu ya jumla anawaza mambo ya maisha yanayohamahama, leo kazi, kesho afya ya mama, na anaona ana sababu ya kuwaza. Huu wangu unaitwa OCD. Wazo linavamia bila hodi, ni la kuchukiza, linagusa kile unachokipenda zaidi. Halafu linakusukuma ufanye kitu ili utulie, uoshe, ukague, uulize, na ukishatulia linarudi. Alisema mtu anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo daktari lazima achimbe.

"Wazo si nia, baba," akaniambia. Kisha akamgeukia mke wangu. "Akikuuliza mtoto mzima, unamjibuje?"

"Namwambia mzima."

"Kuanzia leo usimjibu. Jibu lako ndiyo maji yake ya udhu."

"Kutomjibu? Hilo nitaliweza vizuri sana, dokta."

Tukacheka wote watatu. Mizigo ilifunguliwa jioni ile ile.

Nilipewa dawa na mazoezi. Nilianza kumbeba nimekaa mkekani, baadaye nimesimama sebuleni, wazo likija naliacha lipite bila kuuliza mtu. Mwanzoni nilitoka jasho kama nabeba saruji. Sijapona kabisa, ila nimeishika njia.

Funzo langu: ukifika kwa daktari, usiishie kwenye neno wasiwasi. Sema wazo lenyewe hata kama linatisha, na sema unafanya nini ukishaliwaza. Na nyie madaktari mliomo humu, mkisikia hilo neno, ulizeni "upi?"

Mliopitia haya, au mnaoishi na mtu wa hivi, shusheni komenti. Nitajibu polepole, natumia kidole gumba kimoja. Niko kibarazani, binti amelala begani kwangu. Wazo limeshapita hapa mara kadhaa wakati naandika.

Mama yake yuko jikoni, na hajaja kuchungulia.